Miji Iliyochorwa kwa Ajili ya Wakubwa: Safari ya Venice, Florence na Roma

Jumatatu, Venice

Mpwa wangu anasoma uzamili Padova, nami nilikuwa na likizo iliyolala kazini muda mrefu. Tukakubaliana tuzunguke Italia kwa treni, kila mtu na lake. Yeye anataka majengo. Mimi ni mpima ardhi. Maisha yangu ni bikoni, viwanja na ramani za mipango miji, sehemu kubwa mkoani Lindi. Siku nyingi nilikuwa na hamu ya kuiona kwa macho yangu michoro ya miji ya karne ya 15 na ya 16, ile inayoonyesha mji mzima paa kwa paa, mchoraji akiwa ananing'inia angani mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika. Uzuri wake naujua tangu vitabuni. Nilichotaka kujua ni nani aliyekuwa akiilipia, na alikuwa akipata nini.

Tulianzia Museo Correr, pale uwanja wa San Marco. Watu wengi huingia humo kwa sababu tiketi ni moja na ile ya Palazzo Ducale, kasri la serikali ya zamani, kisha hupita mbio. Sisi tulisimama mbele ya mbao sita za mti wa mpea, nyeusi kwa wino wa karne tano. Ndizo zilizochapa mchoro wa Venice wa mwaka 1500, kazi ya Jacopo de' Barbari. Karatasi zake sita zikiunganishwa unapata picha yenye upana wa karibu mita 2.8 na kimo cha mita 1.3 hivi.

Nilisogea kadiri mlinzi alivyoniruhusu. Palipotakiwa kubaki mstari, mchongaji ameuacha mti umesimama, mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Pengine pote amechimba. Dirisha moja la jumba moja lina kuta nne za mti zisizofika unene wa uzi, na madirisha ya namna hiyo ni maelfu. Kila kitu kimekatwa kinyumenyume, cha kulia kikiwa kushoto, kwa sababu chapa hugeuza. Mpwa wangu alihesabu safu za nyumba kwa kidole hewani mpaka akachoka.

Kisha tukaitazama chapa yenyewe. Mji umelala katikati ya maji, milima ya Alps kule juu, na vichwa vinane vya upepo vikipuliza kutoka pembeni. Lakini kinachokamata jicho ni miungu wawili wa Kirumi. Juu, mawinguni, ameketi Mercury, mungu wa biashara, na maandishi yake ya Kilatini yanasema kwamba anauangazia mji huu kwa neema kuliko masoko mengine yote. Chini, mbele ya bandari, Neptune amepanda mnyama wa baharini, naye anatangaza kuwa hapa ndipo anapokaa, akiilinda bahari. Wako kwenye mstari mmoja, na katikati yao, pale pale mstari unapokata, kuna uwanja wa San Marco na kasri la serikali. Upande wa kulia kumechorwa Arsenali, karakana kuu ya meli za vita, na kuta zake ndefu. Watu ni wachache mno kwa mji unaokadiriwa kuwa na watu laki moja wakati ule. Hakuna msongamano, hakuna takataka, hakuna ombaomba. Meli ndizo zilizojaa.

"Mjomba, huyu alisimama wapi?" mpwa wangu akauliza.

"Hakusimama popote, mwanangu. Amekusanya vipimo kutoka minara mingi, akakaa mezani akaviunga."

Aliyegharamia kazi hiyo ni Anton Kolb, mfanyabiashara wa Nuremberg aliyekuwa akiishi Venice. Oktoba 1500 aliiandikia serikali ya Jamhuri kuomba haki ya pekee ya miaka minne na ruhusa ya kuisafirisha chapa yake bila ushuru. Alieleza kuwa kazi ilichukua miaka mitatu, kwamba karatasi kubwa kiasi kile hazijawahi kutengenezwa, na kwamba lengo kuu lilikuwa sifa ya mji wa Venice. Bei aliyoitaja ni dukati tatu, si fedha ya kibarua. Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu langu. Serikali haikulipa hata senti, lakini mfanyabiashara alijua wazi ni wimbo gani wa kuiimbia ili mlango ufunguke. Naye Jacopo, kabla wino haujakauka vizuri, akaenda Ujerumani kumtumikia mfalme Maximilian wa Kwanza. Fundi hufuata mlipaji.

Jumanne, Venice

Tulipanda mnara wa kengele wa San Marco. Siku hizi ni lifti tu, na mnara wenyewe ni mpya: ule wa zamani uliporomoka mwaka 1902, huu ukafunguliwa 1912. Nilitaka kuhakikisha jambo moja. Ukiwa kule juu wanapofika wageni, mita 60 hivi kutoka ardhini, mifereji ya Venice karibu yote haionekani. Mapaa ya vigae yameifunika. Unaona mji wa nchi kavu, mwekundu, uliobanana, na maji nje yake tu. Kwa hiyo mji ule wa Jacopo, wenye mfereji mkuu unaojipinda waziwazi kutoka mwanzo hadi mwisho, hauonekani hivyo ukiwa juu ya mnara wowote wa Venice. Mtu wa vipimo anapenda hilo. Mtu wa siasa analipenda zaidi, maana mchoro unakupa mahali pa kutazamia ambapo hata Doge, mkuu wa Jamhuri, hakuwa napo, kisha unasema: huu wote, kwa pamoja, ndio sisi.

Katika chapa ya kwanza mnara huu hauna ncha. Radi iliupiga mwaka 1489 na mchoraji akaonyesha paa la muda, bapa. Uliporudishiwa ncha yake miaka ya 1511 hadi 1514, ubao ulirekebishwa na chapa za baadaye zikatoka na mnara kamili. Sura ya taifa haikuruhusiwa kubaki na kovu.

Mchana tuliingia Palazzo Ducale. Katika vyumba vya Doge kuna ukumbi ambao wageni walisubiria kabla ya kuitwa ndani, na kuta zake zimejaa ramani za nchi zilizokuwa chini ya Venice na nchi ambazo wasafiri wake walizifikia. Zinazoonekana leo zilifanyiwa kazi upya karne ya 18, lakini desturi ni ya karne ya 16. Unamweka balozi wa watu akae humo nusu saa bila la kufanya. Atasoma tu.

Usiku, tukila samaki wa kukaanga wa kwenye karatasi, nilimweleza mpwa wangu yale ambayo mchoro wa Kolb hauyasemi. Habari mbaya ilikuwa tayari imeingia mjini. Vasco da Gama alirudi Lisbon mwaka 1499 baada ya kupita Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka uliotangulia, na ni Malindi alikopewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Mwaka 1501 meli za Mreno mwingine, Cabral, zilipoingia Lisbon na viungo, Girolamo Priuli, mfanyabiashara wa Venice aliyekuwa akiandika kumbukumbu zake za kila siku, alieleza kuwa hakuna habari mbaya zaidi ambayo Jamhuri ingeweza kuipata, ukiondoa kupoteza uhuru wake. Basi Mercury anaketi pale juu akiisifu Venice kuwa soko la masoko, wakati pilipili imeshaanza kuzunguka kupitia pwani yetu. Biashara ya Venice haikufa siku hiyo wala mwaka huo. Iliendelea kwa miongo mingi. Ila kwa mchoro uliojaa majigambo kiasi kile, wakati ulikuwa mbaya.

Jumatano, njiani

Siku ya treni. Tulibadilisha Bologna. Kusini-mashariki kidogo ya hapo ipo Imola, ambako Leonardo da Vinci alichora ramani yake maarufu mwaka 1502 akiwa mhandisi wa Cesare Borgia, mtoto wa Papa aliyekuwa akiteka miji ya eneo hilo. Hatukushuka, kwa sababu ramani yenyewe iko Windsor, Uingereza. Lakini kwa mtu wa fani yangu huwezi kupita bila kuitaja: mji umechorwa wima kabisa kutoka juu, kila ukuta mahali pake, ndani ya duara lenye mistari ya dira. Borgia alimpa Leonardo hati, Agosti 1502, iliyoamuru afunguliwe ngome zote apime anavyotaka. Mchoro wa Kolb ulitengenezwa utazamwe na dunia. Huu wa Imola haukukusudiwa kubandikwa ukutani. Ni aina mbili za nguvu, moja inajitangaza na nyingine inakaa kimya kwenye meza ya mtu wa vita.

Mpwa wangu alilala njia nzima.

Alhamisi, Florence

Leo ndiyo siku iliyonilipa nauli yote.

Palazzo Vecchio lilikuwa jumba la serikali ya Jamhuri ya Florence. Mwaka 1540 Cosimo de' Medici, aliyekuwa amekuwa mtawala tangu 1537, alihamia humo na familia yake. Hebu fikiri: nyumba ya baraza la wananchi inageuzwa makazi ya mtu mmoja. Baada ya kuhamia, alianza kuchoresha kuta.

Ukiingia tu, ua wa kwanza umezungukwa na picha za miji ya Austria na jirani zake: Vienna, Innsbruck, Graz, Linz. Zimepauka sana, nyingine zimebaki vivuli. Zilichorwa mwaka 1565 kwa sababu Francesco, mtoto wa Cosimo, alikuwa anamwoa Joanna wa Austria, binti wa marehemu Kaisari Ferdinand na dada wa Kaisari aliyekuwa madarakani. Bibi harusi anaingia nyumbani kwa mume na anakuta miji ya kwao ukutani. Heshima, ndiyo. Lakini wageni waliofuata, wale wa kutoka Siena, Lucca na Ferrara, walipita ua huo huo, na kwao maana ilikuwa tofauti: tazameni sisi tumeoa wapi.

Ghorofani kuna ukumbi mkubwa uliojengwa miaka ya 1490, enzi za mtawa mhubiri Savonarola, kwa ajili ya Baraza Kuu la wananchi. Giorgio Vasari, mchoraji wa Cosimo, ndiye aliyepewa kazi ya kuugeuza. Kuta zina vita dhidi ya Pisa na dhidi ya Siena, na kila vita vina mji wake nyuma, umechorwa kwa namna ambayo anayeujua atautambua. Nikalala chali kwenye benchi nitazame dari. (Mlinzi alinitazama, hakusema kitu.) Kuna kipande kimoja kinachomwonyesha Cosimo peke yake usiku, taa ikiwaka, ameshika bikari juu ya mfano wa mji wa Siena na ngome zake. Anapanga kuuteka. Siena ilianguka Aprili 1555 baada ya kuzingirwa na kushindishwa njaa.

Kipande hicho kina kisa. Vasari alitaka kumchora Cosimo akiwa na washauri wake, maana vita hupangwa na watu wengi. Cosimo akamwandikia kwamba washauri hawahitajiki, kwa sababu jambo lile alilifanya mwenyewe. Wakatolewa, mahali pao pakawekwa maumbo ya sifa njema, mojawapo ikiwa Ukimya. Sijawahi kuona mahali pengine ambapo mteja anamwambia mchoraji waziwazi namna hiyo. Mtu mmoja, bikari moja, mji mmoja mezani. Nami kazini nimeshika bikari maisha yangu yote, sikuwahi kuifikiria kuwa silaha.

Sasa chumba nilichokitaka zaidi. Ni kile cha Papa Clement wa Saba, naye Mmedici. Ndani yake Vasari na wasaidizi wake walichora Florence ilivyozingirwa na majeshi ya Kaisari Charles wa Tano, mwaka 1529 hadi 1530. Chumba hicho kiko sehemu inayotumiwa na ofisi ya meya, na siku hiyo mlango ulikuwa umefungwa. Mpwa wangu alijaribu kwa Kitaliano chake kizuri, "tafadhali" nyingi na tabasamu, hatukuambulia kitu. Tukaitazama kwenye kitabu kikubwa dukani pale chini, kurasa mbili zilizokunjuliwa, tukiwa tumesimama mpaka miguu ikauma.

Mji uko mbali kidogo, wote, ndani ya kuta zake, kuba la kanisa kuu likiinuka katikati. Mbele yake, vilimani, yametanda mahema ya jeshi, safu kwa safu, wapishi, farasi, mizinga. Sisi watazamaji tumewekwa upande wa mahema. Vasari mwenyewe ameeleza alivyofanya: alipanda sehemu za juu, akachora, akaongezea yaliyofichika kwa kupanda mapaa ya nyumba, akitumia dira kuweka kila kitu upande wake. Kipimo ni kizuri mno. Lakini angalia nani alikuwa akizingira na nani alikuwa akizingirwa. Ndani ya kuta ni Jamhuri ya Florence, na Michelangelo ndiye aliyekuwa akisimamia ngome zake. Nje ni jeshi lililoletwa kwa makubaliano ya Kaisari na Papa Mmedici ili ukoo wake urudishwe madarakani. Agosti 1530 mji ukasalimu amri. Miaka 30 baadaye, ndani ya jumba la Jamhuri iliyoshindwa, ukoo ulioshinda unachora jinsi mji ulivyoonekana kwa waliokuja kuushinda.

Na Papa alikuwa ameuona mji hivyo hivyo vita ikiendelea. Hili Vasari amelisimulia katika maisha ya mchongaji Niccolò Tribolo. Mwaka 1529 Clement alitaka mfano wa Florence na viunga vyake ili afuatilie vita akiwa mbali. Benvenuto della Volpaia, fundi saa, akamshirikisha Tribolo. Usiku walikuwa wakitoka kupima barabara na umbali kati ya mnara na mnara, wakilifanya kuba la kanisa kuu kuwa kitovu. Mfano wakautengeneza kwa gome lile jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa, vipande vipande, wakavificha ndani ya marobota ya sufu na kuvitoa nje ya mji kama bidhaa za kawaida, kupitia Perugia hadi kwa Papa. Akauweka chumbani kwake. Kila barua ya kutoka kambini ilipofika, alitazama pale: hapa wamepigana, pale wamelala.

Nilipomsimulia, mpwa wangu alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo walipima mji wao wenyewe usiku ili adui aupige?"

"Ndiyo. Na Tribolo baadaye ndiye aliyepewa na Cosimo kazi ya kubuni bustani za Boboli, zile unazotaka twende kesho."

Akasema haendi tena. Akaenda.

Ijumaa, Florence

Yeye Boboli, mimi nikarudi Palazzo Vecchio. Katika vyumba vya chini kuna nakala ya karne ya 19 ya mchoro unaoitwa wa mnyororo, ambao asili yake ni ya miaka ya 1470 au 1480 na unahusishwa na Francesco Rosselli. Chapa yake ya zamani ya mbao iko Berlin. Mji wote unaonekana kutoka kusini-magharibi, kuba limewekwa katikati na kukuzwa kuliko haki yake, na picha nzima imezungushiwa mnyororo wenye kufuli. Kona ya chini kulia ameketi kijana anachora mji. Kwa nini kufuli, wataalamu hawajamaliza kubishana. Mimi nilichokiona ni huyo kijana: hapa mchoraji bado amejionyesha, ameketi kilimani ardhini, anakukiri kwamba hii ni picha iliyotazamwa na mtu. Miaka 20 baadaye, kwa Jacopo, mtu huyo ametoweka na nafasi yake wamechukua miungu.

Juu kuna chumba cha ramani, makabati yenye milango iliyochorwa nchi za dunia, tufe kubwa katikati. Kazi ilianzwa mwaka 1563 na Ignazio Danti, mtawa Mdominikani wa Perugia, na nia ilikuwa kila kabati lihifadhi vitu vya thamani kutoka nchi iliyochorwa mlangoni. Cosimo alikufa 1574, na mwaka uliofuata mwanawe Francesco akamfukuza Danti mjini. Stefano Buonsignori akamalizia. Kumbukeni jina la Danti, kesho nitakutana naye.

Jioni, treni ya kwenda Roma. Saa moja na nusu, baridi ya kiyoyozi ya kukata mifupa.

Jumamosi, Roma

Makumbusho ya Vatikani siku ya Jumamosi ni adhabu. Umati unakusukuma kuelekea kanisa la Sistina, na ukumbi wa ramani ni njia tu ya kupitia. Nilijibanza ukutani nikaacha mto wa watu upite.

Ukumbi una urefu wa mita 120, na ramani 40. Papa Gregory wa Kumi na Tatu, yule yule wa kalenda tunayotumia, ndiye aliyeagiza, na kazi ilifanyika kati ya 1580 na 1583. Aliyeisimamia ni Danti. Alifukuzwa Florence, akafundisha hisabati Bologna, Papa akamwita, na kazi ilipokamilika akapewa uaskofu wa Alatri. Nilishasema juu ya fundi na mlipaji.

Mpango wake ni wa akili ya kutisha. Ukitembea katikati ya ukumbi ni kama unatembea juu ya mgongo wa milima ya Apennines. Upande mmoja mikoa inayotazama bahari ya Adriatiki na Alps, upande wa pili ile ya bahari ya Tyrrhenian. Kila mkoa una mji wake mkuu umechorwa pembeni kwa ukubwa, na kuta na makanisa yake. Mwishoni zipo bandari nne kubwa: Civitavecchia, Genoa, Venice na Ancona. Italia wakati ule haikuwa nchi. Ilikuwa vipande, na mabwana wake wengi hawakumtii Papa isipokuwa katika dini, tena kwa manung'uniko. Lakini humu mzee Gregory aliweza kutoka chumbani asubuhi akaikanyaga yote kutoka mwisho hadi mwisho bila kuomba ruhusa ya mtu. Avignon pia imo, ingawa iko Ufaransa, kwa kuwa ilikuwa mali ya Papa. Darini, juu ya kila mkoa, kuna miujiza ya watakatifu wa mkoa huo.

Niliitafuta Venice. Hapa hakuna Mercury wala Neptune wa kuisifu kuliko wenzake. Ni bandari mojawapo, katika ukumbi wa mtu mwingine.

Kabla ya kutoka tulipita sehemu za Belvedere. Humo, kabla ya makumbusho kujengwa, palikuwa na baraza la Papa Innocent wa Nane ambalo Pinturicchio alilichora, miaka ya 1480, kwa picha za Roma, Milan, Genoa, Florence, Venice na Naples. Vasari ndiye aliyeziorodhesha. Karibu zote zimepotea. Ni orodha ya wakubwa wote wa Italia wa wakati huo, wakikaa kwa amani kwenye baraza la Papa. Kwenye ukuta tu.

Jumapili, Roma

Mapumziko. Mpwa wangu alilala hadi saa nne, nami nilifua soksi.

Jumatatu, Roma

Kwenye uchochoro si mbali na Piazza Navona tulikuta duka la chapa za kale, masanduku yaliyopangwa kwa majina ya nchi. Mwenye duka, mzee wa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alimuuliza mpwa wangu tunatoka wapi. Akaenda nyuma, akarudi na karatasi moja ndani ya plastiki.

Niliitambua kabla hajaiweka mezani. Ni ukurasa wa Civitates orbis terrarum, mkusanyo wa michoro ya miji ya dunia ulioanza kuchapishwa Cologne mwaka 1572 na Georg Braun, kasisi, pamoja na mchonga mabamba Frans Hogenberg, ukafika juzuu ya sita mwaka 1617. Ukurasa huu ni wa juzuu ya kwanza. Nusu ya juu yote ni Aden. Nusu ya chini imegawanywa mara tatu: Mombaza, Quiloa, Cefala. Mombasa, Kilwa na Sofala.

Kilwa yangu. Nimepima viwanja Kilwa Masoko, nimevuka na mashua kwenda kisiwani mara nyingi kiasi cha kuwajua manahodha kwa majina. Niliinama. Nyumba zimebanana, minara inachomoza, maji mbele, vyombo vimetia nanga. Niliutafuta Msikiti Mkuu na kuba zake, nisiweze kusema ni upi. Nilijaribu kuweka kaskazini, mchoro ukakataa. Hakuna kona ya mji ule niliyoweza kuioanisha na ardhi ninayoijua. Mombasa nayo iko hivyo hivyo, na haina Ngome ya Yesu, kwa sababu Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, miaka 21 baada ya ukurasa huu kutoka.

Chanzo cha michoro hii ni Wareno, na Wareno walikuja kuitazama miji hiyo kwa sababu moja inayojulikana. Julai 1505 Francisco de Almeida aliingia Kilwa na meli zake za vita, mji ukaporwa, Sultani Ibrahim akakimbia, Muhammad Ankoni akawekwa mahali pake. Mwezi uliofuata Mombasa ikachomwa. Sofala wakajenga ngome mwaka huo huo. Miji mitatu ya chini ya ukurasa ndiyo miji mitatu iliyoandamwa mwaka mmoja, na mnunuzi wa Cologne au Antwerp, miaka 67 baadaye, anaigeuza kwa vidole akiwa kitini. Wakati huo huo watu wa Kilwa wenyewe walikuwa wameshaandika habari za mji wao, karne hiyo hiyo, kwa Kiarabu: nani alitawala, alimfuata nani, nani alijenga msikiti. Hawakuchora mapaa.

Braun ana neno moja katika dibaji yake nililolipenda kwa ukaidi wake. Wasomaji walihofu kwamba Waturuki wangetumia michoro yake kivita. Akajibu kuwa ameweka watu mbele ya miji, wamevaa mavazi ya kwao, na Waturuki, kwa kuwa dini yao inakataza sura za watu, hawatazitazama. Mpwa wangu alicheka mpaka mzee akavua miwani ya usoni akavaa ya kichwani kututazama vizuri.

"Mwulize bei," nikamwambia.

Akauliza. Jibu lilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa miezi miwili. Nikamwambia amuulize kama anaweza kutuuzia Kilwa peke yake, kile kipande cha katikati chini.

Mzee akatikisa kichwa. Wanunuzi wake, alisema, wanaitaka kwa ajili ya Aden.